Neno la Siri Nisilolijua

Kwanza nieleze habari ya kopi, kwa sababu bila kopi hakuna ambacho kingetokea.

Nilikuwa nafanya kazi katika duka la steshenari, la karatasi na kopi, Kariakoo, kwenye mtaa wa mashuka na ndoo za plastiki. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi ambaye babu yake ndiye aliyeweka milango ile ya mbao. Kila asubuhi aliwasha udi mbele ya picha za miungu yake, juu ya kabati la bahasha, kisha akawasha mashine ya kopi. Hadi leo harufu ya udi na harufu ya wino wa moto ni kitu kimoja puani mwangu. Sheria ya duka ilikuwa moja: karatasi ya mtu haiguswi kabla haijatolewa kopi. Iwe unaitoboa, unaibana pini au unaitia plastiki, kopi kwanza, na kopi unailaza pembeni ya karatasi yenyewe mpaka kazi iishe.

"Kuna siku mashine ya kutia plastiki ilitafuna cheti cha kuzaliwa cha mtu," mzee aliniambia nilipoanza kazi. "Kesho yake alikuwa anasafiri. Baba mzima alilia hapo hapo unapokanyaga wewe. Kwa hiyo, binti, kabla ya kugusa?"

"Kopi, mzee."

"Inakaa wapi?"

"Pembeni ya yenyewe."

"Haya. Mengine utajifunza."

Nilikuwa nimeishia darasa la saba. Kuandika kwangu ni kwa polepole, na kwenye kibodi nilitafuta herufi moja moja kama mtu anayechambua mchele. Lakini nilisoma kila neno lililokuwa kwenye karatasi, hata yale madogo ya chini, na mzee alisema hilo linamtosha.

Ghorofani juu yetu palikuwa na zahanati. Miaka hiyo watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kufungua zahanati zao, shule zao, hata redio zao, na mama mmoja kutoka Kilimanjaro, nesi aliyestaafu, alifungua hiyo ya juu yetu na nyingine Buguruni. Maabara ilikuwa moja tu, hapo Kariakoo. Vipimo vya Buguruni vililetwa kwetu, na majibu yakarudishwa ndani ya bahasha, kwenye kikapu cha baiskeli.

Siku moja mvua kubwa ilimkuta mwenye baiskeli njiani, akateleza, bahasha zikamwagika barabarani. Watu wakamsaidia kuziokota. Zilikuwa zimelowa na kufunguka, kwa hiyo wakawa wanasoma majina kwa sauti, kwa wema kabisa, ili wenyewe wapatikane. Wengine walisoma na kilichofuata baada ya jina. Mama wa zahanati aliposimuliwa alikaa kwenye ngazi, nje ya mlango wetu, akajifunika uso kwa mikono miwili.

Binti yake alikuwa amesomea kompyuta. Baada ya siku ile ya mvua alijifungia wiki kadhaa, akatoka na programu ya majibu. Wote tulimwita Dada. Alikuwa mwembamba, anatembea haraka, na kila mara alikuwa na kalamu imechomekwa kwenye nywele na nyingine mkononi, huku akiuliza kalamu yake iko wapi.

Kompyuta ya juu iliunganishwa na intaneti kwa antena iliyosimamishwa juu ya paa. Maabara waliandika majibu pale, na dada wa mapokezi wa Buguruni aliandika anwani kwenye kompyuta yake, akataja jina lake na neno lake la kuingilia, akayasoma. Hapakuwa na bahasha wala baiskeli.

Mimi jambo hilo lilinigusa kwa sababu ya shangazi yangu.

Nilikuwa naishi naye chumba kimoja Ilala. Alikuwa mama lishe. Alipika wali, maharage na samaki wa nazi nyuma ya maduka ya jumla, karibu na duka letu, na wateja wake walikuwa wapagazi, madalali na vijana wa dukani. Nafasi yake, kati ya ukuta na mfereji, aliipigania miaka mingi. Kisha akaanza kukohoa. Alikohoa akipepeta mchele, alikohoa akicheka, na nilipomsihi apande ngazi za zahanati aliniuliza jambo moja tu.

"Majibu yangu yataandikwa wapi?"

"Kwenye kompyuta, shangazi."

"Halafu nani ataona?"

"Daktari. Hakuna mwingine atakayeona."

"Mwanangu, mimi nauza chakula. Likitoka neno moja tu kwamba yule mama anakohoa vibaya, nani atashika sahani yangu? Hata nikipona. Watasema alikuwa nao. Hiyo 'alikuwa nao' haifutiki."

"Hakuna atakayeona," nilirudia, na sikuwa najua ninachoahidi.

Ilikuwa kifua kikuu. Alianza dawa, na kwa wiki ambazo daktari alimkataza kukaa karibu na watu, jirani yake alimshikia nafasi na kuwaambia wateja kwamba mama ameenda msibani kwao.

Siku moja Dada alishuka dukani kutoa kopi, akanikuta nasoma kijitabu cha mashine yetu, kile cha matengenezo. Akasimama akinitazama.

"Unasoma hadi hapo kwenye onyo la mwisho?"

"Ndiyo, Dada."

"Hakuna binadamu anayesoma hapo." Akamgeukia mzee. "Mzee, niazime huyu. Programu yangu nataka kuipeleka na zahanati nyingine. Nataka mtu wa darasa la saba aweze kuiweka bila kunipigia simu hata mara moja. Akishindwa, kosa ni langu."

"Mchukue," mzee alisema. "Lakini umrudishe kabla watoto wa shule hawajaja na mitihani yao ya kudurufu. Nao ni kama nzige."

Juu walikuwa wamenunua kompyuta mpya, na mimi ndiye niliyeweka programu humo, nikifuata karatasi yenye hatua tisa. Dada alikaa kwenye kona, amekatazwa na nafsi yake kusema. Nilianza asubuhi, na adhana ya adhuhuri ilinikuta hatua ya saba. Hatua ya sita ilikuwa kufungua faili liitwalo mipangilio na kuandika mle neno la siri, lile linalofungua stoo yenye majina yote na majibu yote. Lilikuwa refu, herufi na namba zimechanganywa, na niliandika kila moja nikiwa nimezuia pumzi.

Nilipomaliza, ukurasa ulitokea. Niliandika jina la mgonjwa wa kubuni, majibu yake yakaja.

"Sasa tazama," Dada alisema. Kalamu ilikuwa nywelani. "Huu ukurasa umefungua stoo kwa lile neno uliloandika. Litafute kwenye ukurasa. Liko wapi?"

Nilitafuta kutoka juu hadi chini. Akanifungulia hata yale maandishi ya nyuma ya ukurasa ambayo kompyuta hutumiana zenyewe kwa zenyewe. Nilisoma yote, na unajua ninavyosoma. Halikuwemo.

"Seva, yaani hii kompyuta inayogawa kurasa, inalisoma faili huko ndani, inafungua stoo, inakuletea ulichoomba tu," alisema. "Faili lenyewe hailitoi nje. Mtu akiliomba, anapata ukurasa mtupu."

Nilibaki nimeshika kingo za meza. Katika maisha yangu sikuwahi kumwona mtu anayejua jambo, analitumia kutwa nzima mbele ya watu, na halimponyoki. Hata mzee wetu, na usiri wake wote, ukimpa chai ya tangawizi alisema. Nikafikiri, kitu hiki kimekaa mezani, kinapuliza hewa ya moto kwa nyuma, na kinamjua shangazi yangu, na hakisemi.

Kesho yake Dada akiwa nje ya ofisi alinipigia simu ya duka. Namba ya simu ya zahanati ilikuwa imebadilika. Nifungue lile faili la mipangilio, nibadilishe mstari mmoja. Nilipanda ngazi na kukaa mbele ya kompyuta. Mbele yangu palikuwa na kitu cha mtu, cha thamani, nami nilitakiwa kukigusa.

Nikatoa kopi. Nikaiita mipangilio.kopi, nikailaza pembeni ya faili lenyewe. Kisha nikabadilisha mstari, nikahakikisha, nikashuka kazini. Nilijisikia nimefanya kazi safi.

Siku tatu zilipita. Ikafika Jumamosi. Jumatatu shangazi angerudi kwenye nafasi yake. Daktari alikuwa amesema sasa haambukizi mtu. Asubuhi hiyo alikuwa anasugua masufuria yake kwa mchanga, yote, hata yale ambayo hakuyatumia. Nikamwamkia, "Shikamoo, shangazi," naye akaitikia "Marahaba" bila kuinua kichwa.

"Ile kompyuta yenu," alisema. "Umesema hakuna anayeona. Umejaribu?"

"Kujaribu vipi?"

"Kuchungulia. Kama mwizi. Mimi nikifunga mlango wangu huwa natoka nje nausukuma. Wewe umeusukuma?"

Sikuwa nimeusukuma. Saa nane, duka lilipofungwa, nilivuka barabara nikaingia kwenye chumba cha intaneti. Kijana wa pale alikuwa na kofia imegeuzwa nyuma.

"Mambo, sista?"

"Poa."

"Barua pepe au unatafuta mchumba? Maana huku wachumba wamejaa kibao."

"Nataka kuandika anwani tu."

"Andika, jimwage."

Niliandika anwani ya zahanati. Ukurasa ukaja, ukaniuliza jina na neno. Nilibahatisha mara tatu, ukanikatalia mara tatu, nami nikafurahi kila mara. Nikakumbuka maneno ya shangazi: kama mwizi. Mwizi habishi mlango wa mbele kutwa nzima. Nikafuta mkia wa anwani, nikaacha jina la folda peke yake, nikabonyeza.

Ikaja orodha. Haikuwa ukurasa wenye rangi, ila majina ya mafaili tu, moja chini ya jingine, kama nguo kwenye kamba. Nililiona faili la mipangilio. Nikalibonyeza: pakatokea weupe mtupu, kama Dada alivyosema. Chini yake palikuwa na mipangilio.kopi.

Nikaibonyeza.

Yote yalikuwa pale. Jina la stoo, na neno la siri, herufi kwa herufi, kama nilivyoliandika kwa mkono wangu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki ng'ambo ya barabara, mtu yeyote, sijaulizwa jina, na nimeshika ufunguo wa vifua vya watu wote wa Kariakoo na Buguruni. Nyuma yangu kijana mmoja alikuwa anacheka na kompyuta yake. Nilifunga, nikatoka.

Nilipokuwa navuka barabara niliwaza kwamba ningeweza kupanda, nikaifuta ile kopi, na basi. Hakuna ambaye angejua. Lakini nilifikiria Jumatatu. Kama kuna mtu ameshaona, habari zingemtangulia shangazi kwenye masufuria yake, na kufuta kopi kusingezirudisha.

Dada alikuwa juu. Nilisimama mlangoni na maneno hayakutoka. Nikachukua karatasi, nikaanza kuandika. Alisubiri, akasubiri tena, kisha akaja kusoma juu ya bega langu, neno baada ya neno jinsi lilivyokuwa linatoka.

"'Nili... toa... kopi... ya...' Mdogo wangu, nakuomba, sema. Nitazeeka."

"Nilitoa kopi ya mipangilio. Nimeiona kutoka ng'ambo. Neno linasomeka."

Hakupiga kelele. Alipiga magoti chini ya meza, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuchomoa waya wa intaneti. Alipoinuka alikuwa na vumbi kwenye magoti na uso umekauka.

"Uliiitaje?"

"Mipangilio, nukta, kopi."

Akafumba macho. "Seva inayatambua mafaili kwa mkia wa jina. Mkia wa faili lenyewe inaujua, kwamba ni wa kuendesha, siyo wa kuonyesha. 'Kopi' haijui ni kitu gani. Ikadhani ni barua tu, ikamsomea kila aliyeomba." Akafumbua. "Tangu lini?"

"Jumatano."

"Sasa tuangalie nani amekuja."

Hapo ndipo nilipoona jambo la pili la ajabu. Sikujua kwamba ile mashine, bila kuambiwa na mtu, ilikuwa inaandika kila aliyefika mlangoni kwake. Dada alifungua faili refu, mistari kwa maelfu, na kila mstari ulikuwa mtu mmoja akiomba kitu kimoja: ametoka wapi, kwa namba ya kompyuta yake, saa ngapi, dakika ngapi, ameomba nini, amepewa au amenyimwa. Kila aliyewahi kupiga hodi alikuwa amewekwa pale kimya kimya. Akaiambia itafute neno kopi.

Ilileta mistari miwili.

"Huu wa leo, saa nane na nusu?"

"Mimi."

"Na huu wa jana asubuhi?"

Huo haukuwa wangu. Dada akafuata ile namba ya jana akipanda juu kwenye mistari, kidole kwenye kioo. Dakika chache kabla, namba hiyohiyo ilikuwa imeingia kwa mlango wa mbele, kwa jina halali. Akashusha pumzi.

"Buguruni," alisema. Akachukua simu, akaiweka sauti ya nje.

"Zahanati karibu," ilisema sauti ya dada wa mapokezi.

"Mambo vipi, shoga? Ni mimi. Jana asubuhi ulifungua kitu gani kwenye kompyuta?"

"Nani amekwambia?"

"Kompyuta imeniambia."

"Mama yangu! Nayo ni mbea?" Tulisikia kiti kikiburuzwa. "Sikiliza, mimi nilifuta tu ile anwani nusu, maana ni ndefu, inanichosha. Yakaja majina majina. Nikabonyeza la chini. Yakatoka maandishi ya kizungu na alama alama, nikasema tayari, kompyuta ya watu inatapika. Nikaizima."

"Uliifunga?"

"Niliizima! Nilizima ukutani. Nikazima na feni isije ikaungua. Wagonjwa wamekaa na joto hadi mchana."

"Uliandika popote ulichoona? Ulimwonyesha mtu?"

"Nimwonyeshe nani aibu yangu? Mimi jana yote nilikuwa nakuogopa wewe."

Dada aliweka simu chini, akaegemea ukuta, akacheka bila sauti mpaka kalamu ikadondoka nywelani. Mimi nilikaa sakafuni. Hakuna mwingine. Mistari ile ilikuwa miwili tu, na mashine haikuwa na sababu ya kunipendelea.

Tulifuta kopi, tukabadilisha neno, na kabla hatujarudisha waya Dada alizima ile tabia ya kuonyesha orodha. Jioni shangazi aliniuliza, "Umesukuma mlango?"

"Nimesukuma. Ule wa mbele umefungwa."

Ilikuwa kweli, na haikuwa kweli yote. Alinitazama muda mrefu kuliko nilivyotaka, kisha akarudi kwenye masufuria.

Jumatatu nilikwenda mapema, nikasimama mbali kidogo, karibu na maboksi ya sabuni. Mpagazi wa kwanza alifika na toroli lake. "Bi mkubwa! Pole na msiba. Tumekula takataka wiki zote hizi." Akanyoosha mkono akapokea sahani. Akafuata wa pili. Nilihesabu sahani mpaka mzee aliponiita kwa sauti toka mlangoni.

Wiki iliyofuata Dada alishuka dukani na karatasi mpya. Hatua zilikuwa kumi na sita. Usitoe kopi ya faili. Ukitoa, usiliite hivi. Hamisha folda hii. Funga ruhusa ile. Nilijaribu kwenye kompyuta ya zamani nikapotea hatua ya kumi, nikaanza upya, nikapotea tena. Mzee aliichukua ile karatasi, akavaa miwani.

"Hii ni ya kuweka programu au ya kuomba viza ya Ulaya?"

"Mzee, ni kwa usalama," Dada alisema.

"Usalama. Huyu binti yangu nimemfundisha kutoa kopi. Wewe unakuja kumwambia asitoe kopi. Ataacha?"

Dada alinitazama.

"Sidhani, Dada," nilisema. Ni kweli sikudhani. Mkono wangu ulikuwa umeshazoea.

"Basi nyumba yako ndiyo uijenge upya," mzee alisema, akamrudishia karatasi. "Sebule ni ya wageni. Sanduku la dhahabu la mama yangu halikuwahi kukaa sebuleni, hata likiwa limefungwa."

Dada alipanda juu, na kwa wiki mbili tulimwona tu akishuka kununua chapati. Kisha siku moja akaja na karatasi yenye mistari minne. Akanituma Ilala, kwenye zahanati ya watu wengine walioikubali programu, peke yangu, bila yeye pale konani.

Zahanati ile ilikuwa chumba na ukumbi, jirani na fundi wa majiko. Daktari wao alinionyesha kompyuta na kuniuliza mtaalamu anafika saa ngapi. Nikamwambia ameshafika. Alicheka, kisha akaona sicheki, akatoka kwenda kubandika maji ya chai.

Nilifuata mstari wa kwanza na wa pili: weka sidii, bonyeza. Programu ikaniuliza maswali matatu, kwa Kiswahili. Zahanati inaitwaje? Simu yake ni ipi? Nani atakuwa msimamizi, na jina lake la kuingilia ni lipi? Nilijibu, herufi moja moja. Nilisubiri iniulize neno la siri la stoo. Haikuuliza. Kioo kilitulia kidogo, kisha kikaandika: Nimetengeneza neno la siri mwenyewe na nimelihifadhi mahali ambapo wageni hawafiki. Huhitaji kulijua. Kazi imekwisha.

Nilisoma mara tatu. Huhitaji kulijua. Maji ya chai ya daktari yalikuwa bado hayajachemka; nilisikia birika likianza tu kunguruma.

Mstari wa nne wa karatasi ya Dada uliandikwa kwa kalamu, kwa mkono: Sasa toa kopi.

Nilitafuta faili la mipangilio. Halikuwa kwenye folda ya kurasa. Lilikuwa nje yake, ngazi moja juu, kwenye folda ambayo haina anwani yoyote ya intaneti. Sikulifungua. Niliitoa kopi yake, nikaiita mipangilio.kopi, nikailaza pembeni ya yenyewe kama nilivyofundishwa. Kisha nikatoka, nikatafuta chumba cha intaneti, nikaandika anwani, nikafuta mkia, nikajaribu kila njia ambayo mwizi mwenye subira angejaribu. Kila mara jibu lilikuwa moja: Hakuna kitu kama hicho hapa.

Nilikaa mbele ya maneno hayo muda mrefu, hata mwenye chumba akaja kuniuliza kama kompyuta imekwama. Nilikuwa nimefanya kosa lilelile, kwa mkono uleule, na safari hii halikumfikia mtu yeyote. Dada hakunibadilisha mimi. Alikuwa ameizungusha nyumba nzima ili mkono wangu uangukie mahali salama. Sijui kama kuna mwingine aliyewahi kunifikiria kiasi hicho, bila hata kusema.

Nilirudi Kariakoo wakati shangazi anaosha sahani za mwisho. Nilichukua kitambaa, nikawa nazikausha, na nilipofika sahani ya nne nikamwambia yote. Kopi, Jumatano, orodha, na neno lililosomeka. Nikamwambia kwamba siku ile aliponiuliza nilimjibu nusu.

Mikono yake ilisimama ndani ya maji.

"Siku tatu," alisema.

"Siku tatu."

"Na jina langu limo."

"Limo, shangazi. Nyuma ya ule mlango."

"Nani alipita?"

"Mimi, na dada wa mapokezi wa Buguruni. Lakini hakuelewa. Alidhani kompyuta inatapika."

"Inatapika?"

"Akazima ukutani. Akazima na feni. Wagonjwa wakakaa na joto hadi mchana."

Aliniangalia, na nikaona mdomo wake unapambana. Lakini bado hakuniachia.

"Na sasa? Neno lipya nani analijua? Wewe?"

"Sasa programu ni mpya, na Dada ameiweka hata hapa kwetu. Mimi nimeiweka ya Ilala kwa mkono wangu leo, na neno lake silijui. Dada halijui. Daktari wao halijui. Kompyuta imelitunga yenyewe, imelificha."

"Umefunga kufuli, na ufunguo hujauona?"

"Sijauona."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa mtoto mchanga. Kisha lile la feni likamrudia. Alianza kucheka, kwanza mabega tu, halafu akaegemea ukuta wake, maji yakimchuruzika viwikoni. "Na feni! Eti isije ikaungua!" Alicheka hadi jirani yake akageuka kuuliza kuna nini, naye akampungia mkono kwamba hakuna kitu.

Nilisimama na sahani mkononi, nikisikiliza, kama nilivyozoea kusikiliza kila alipocheka, nikingoja kikohozi kifuate. Alicheka mpaka mwisho, akavuta pumzi ndefu, akajifuta macho kwa kanga, akarudisha mikono kwenye maji.

"Leta hiyo sahani," alisema. "Hujaikausha vizuri."